Mawe Sabini na Moja ya Wapiga Kombeo wa Karthago

Nimestaafu, lakini mikono yangu haijapewa taarifa. Kila asubuhi inatafuta glavu. Juzi Zaina, mke wangu, alinikuta nimeshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, mmoja chini na mwingine ubavuni, kama mtungi wa kale uliotoka kaburini, akaniuliza kama nataka na sponji ya kukilazia. Miaka yote niliyofanya kazi katika stoo ya makumbusho hapa Brussels imeniachia adabu hizo, na nadhani nitakufa nazo.

Nyinyi mnaobaki stoo mliniomba niandike machache kabla sijasahau. Mireille, ambaye habari zake zinakuja, akasisitiza niandike kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa changu cha kuandika, alisema, kina heshima nyingi na hakisemi kitu. Hakukosea. Nanyi karibu nusu yenu siku hizi mnajua Kiswahili, kila mmoja cha kwao. Kwa hiyo kaeni vizuri. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, maana jambo hilo halikuwahi kunisaidia kubeba sanduku. Nitawaambia habari za mawe.

Niliingia makumbusho kwa mlango wa nyuma, nikiwa na ndoo. Nilikuwa nimefika Ubelgiji miaka michache kabla, nikashuka kituo cha treni cha Gare du Midi na begi moja na anwani ya binamu yangu iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi la sigara. Kwetu ni Buyenzi, Bujumbura, ambako nilikuwa nauza vipuri vya baiskeli. Hapa nilipewa kazi ya kufagia na kupiga deki. Siku moja nilitumwa nihamishe kisanduku kutoka juu ya kabati. Nikaweka ndoo chini, nikaenda kwanza kusafisha nafasi mezani, nikatandika kitambaa, ndipo nikarudi kukiinua. Sikujua kwamba kuna mtu ananitazama.

Aliyekuwa ananitazama ni Monsieur Willem, mkuu wa stoo, Mflemishi mrefu mwenye sikio moja bovu na koti la kazi lenye madoa ya gundi. Akaniuliza nani amenifundisha.

“Kufundishwa nini?”

“Kutoinua kitu kabla hujajua utakiweka wapi.”

Nikamwambia kwetu dukani, ukiinua rimu ya baiskeli kabla hujaona pa kuiweka, utaiweka juu ya mguu wa mteja. Alicheka kwa upande wa sikio zima. Wiki iliyofuata ndoo alipewa mwingine, na mimi nikapewa glavu.

Alinifundisha kazi polepole. Brashi ya nywele laini kwa vumbi, kijiti cha mianzi kwa udongo uliokauka, pamba yenye unyevu kwa ukaidi wowote uliobaki. Kamwe usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate ni maji na maji ni adui. Usiamini lebo iliyofungwa kwa uzi tu. Usimwamini profesa anayesema “dakika moja tu.” Nilizishika sheria zote ila moja, nayo nitawaeleza jinsi ilivyonishinda.

Kifaa alichokipenda Monsieur Willem kuliko vyote hakikununuliwa popote. Kila likizo alikwenda na familia yake milima ya Ardennes, na kila mara alirudi na mawe ya mtoni ndani ya buti la gari. Aliyachemsha, akayasugua, akayapanga katika trei ya mbao. Yalikuwa mawe ya uzito. Tukiwa na karatasi ya zamani iliyolowa au ramani iliyojikunja, tuliilaza kati ya karatasi za kunyonya maji na vipande vya ubao, na juu tukaweka mawe hayo mpaka ikauke imenyooka. Yalikuwa sitini na manne. Nayajua kwa idadi kwa sababu nilikuwa nayahesabu kila Ijumaa, na yeye alikuwa ananihesabu mimi.

Upande mwingine wa stoo, rafu ya chini kabisa, palikuwa na sanduku la mawe ya aina nyingine. Hayo yalichimbuliwa Hispania zamani na wataalamu wa Kibelgiji, katika kambi ya jeshi la Karthago. Karthago, kwa asiyejua, ulikuwa mji mkubwa wa biashara upande wa Afrika ya kaskazini, uliopigana na Roma miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Wageni wa makumbusho wakisikia Karthago wanauliza tembo wako wapi. Hatuna tembo. Tulikuwa na mawe sabini na moja, ya mviringo, makubwa kwa madogo, ya wapiga kombeo. Hakuna mgeni aliyewahi kuuliza habari zao.

Sasa nije kwenye kosa.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu wa glavu. Bomba la kupasha joto lilipasuka wakati wa wikendi, na Jumatatu asubuhi tulikuta maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Madaftari ya wachimbaji wa zamani, yale yaliyoandikwa kwa wino wakiwa palepale shambani, yalikuwa yanaelea. Monsieur Willem alikimbilia juu kupiga simu na kutafuta pampu, nami nikaachiwa madaftari. Nikaanza kulaza kurasa, karatasi ya kunyonya, ubao, jiwe. Kurasa, karatasi, ubao, jiwe. Mawe ya trei yakaisha na kurasa bado nyingi. Nikatazama huku na huku, nikaona kwenye rafu ya chini sanduku la mawe lisilo na lebo. Lebo ilikuwa ya uzi tu, na uzi ulikuwa umekwenda na maji. Nikadhani ni akiba ya mzee. Nikayatumia yote.

Saa sita Monsieur Willem alishuka, akaona kurasa zimelala kwa safu, akanipiga begani. “Umeyaokoa,” alisema. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayehesabu hasara kichwani: “Na mawe ya wapiga kombeo yamelowa sana?”

Ndipo nikajua lile sanduku lisilo na lebo lilikuwa la nini. Nikasema yamelowa kidogo. Akarudi juu kwenye simu zake.

Mbele yangu palikuwa na mawe mia moja thelathini na matano, yote mviringo, yote ya kijivu, na jiwe likilowa halina tena kwao. Ningeweza kumwita. Ningeweza kusema. Lakini nilikuwa na karatasi za ukaazi zilizotegemea mkataba wa kazi, na Zaina alikuwa na mimba ya Asha, binti yetu, na mdomo wangu ulikataa kufunguka. Mikono ndiyo iliyokubali.

Nilipokuwa mtoto, wakati wa mpunga, tulipelekwa kwa shangazi yangu kwenye uwanda wa Rusizi kuamia ndege. Kazi ilikuwa kusimama juu ya kichuguu tangu alfajiri, kupiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Nasema kombeo, si manati ya mpira. Kombeo ni kamba mbili na kikapu kidogo katikati. Unatia jiwe, unazungusha mara moja tu juu ya kichwa, unaachia kamba moja. Mara moja, si mara kumi kama kwenye sinema. Ukizungusha mara kumi ndege ameshashiba na kuondoka. Mtoto anayeamia ndege anajifunza mawe kama mpishi anavyojifunza chumvi. Jiwe zuri linakaa kiganjani bila kuuliza swali. Lenye pembe au lililobanduka linayumba hewani na kwenda kwa jirani. Na tulikuwa na mifuko mitatu, mawe madogo ya mbali, ya kati, na makubwa ya ndege walio karibu wenye kiburi.

Basi nilifumba macho nikayapima kiganjani moja moja. Hili la kombeo. Hili la trei. Hili la kombeo. Nilipofika sabini na moja nikaacha, nikayafuta, nikayarudisha kwenye sanduku. Monsieur Willem aliporudi alihesabu sabini na moja, akaandika lebo mpya na kuibandika kwa gundi safari hii. Mimi nilisimama pembeni nikimshikia chupa ya gundi. Sikusema kitu siku hiyo, wala kesho yake, na mnajua jinsi jambo lisilosemwa kesho yake linavyozidi kuwa gumu keshokutwa.

Miaka ikaenda. Nilifanya kazi ambazo naona fahari kuzikumbuka. Kuna chupa ya kioo cha Kirumi niliyoiunganisha vipande vyake kwa majira mawili ya baridi. Kuna sanduku la mummy, maiti ya kale ya Misri, lililokuwa na wadudu, tukaliweka ndani ya hema lisilo na hewa, na nilikuwa naliamkia kila asubuhi kama mgonjwa. Lakini kila nilipopita rafu ya chini niliongeza mwendo. Monsieur Willem alipostaafu, tulifanya sherehe ndogo ya keki, na yeye akanivuta kando akaniwekea mkononi jiwe moja kutoka kwenye trei ya uzito. Lilikuwa limebanduka upande mmoja, kama limeng’atwa.

“Hili halilali sawa juu ya ubao,” alisema. “Chukua. Ukumbusho.”

Nikalipeleka nyumbani Forest, mtaa wetu hapa Brussels. Zaina aliligeuza mara mbili, akasema linashikika vizuri, na likaingia jikoni.

Sasa nije kwa Mireille. Wazee wake ni wa Lubumbashi, yeye amezaliwa hapahapa na amekulia Auderghem. Siku ya kwanza alishuka stoo na kompyuta yake na mizani ndogo, mwanafunzi wa shahada ya udaktari, akasikia namjibu mlinzi kwa Kiswahili.

“Kumbe papa unasema Swahili! Bon, nisaidie. Natafuta majiwe ya Carthage. Ile ya bale ba frondeurs.”

Frondeurs kwa Kifaransa ni wapiga kombeo. Nilimtolea sanduku.

Alikuwa na njaa ya kueleza, na mimi nilikuwa na hofu ya kusikiliza, kwa hiyo tulielewana. Alinieleza kwamba watu wanafikiri jeshi la Karthago lilikuwa tembo na farasi, wakati mara nyingi vita vilifunguliwa na watu wa kurusha. Karthago ilikodi askari kutoka kila upande: wapiga mishale wachache, warusha mikuki mifupi wengi kutoka Afrika, na wapiga kombeo kutoka visiwa vya Baleari. Hao wa visiwani ndio waliokuwa wanatangulia mbele, wanamwaga mawe juu ya adui mpaka safu zake zivurugike, kisha wanarudi nyuma kupitia mapengo ili wenye ngao waingie.

“Mushale unauonaka inakuya,” alisema. “Jiwe, hapana. Unasikia tu kofia ya chuma, casque ya mwenzako, inalia. Na mvua ikinyesha, kamba ya upinde inalegea. Fronde, hata kidogo.”

Nikamwambia nimewahi kuitumia. Alinitazama kama vile nimemwambia nilipigana upande wa Karthago. Jumamosi iliyofuata nilisuka kombeo tatu kwa kamba ya katani, tukakutana pembeni mwa msitu wa Soignes, si mbali na kwao, mahali pa wazi pasipo na watu. Bega langu lilikuwa limezeeka, lakini mkono ulikumbuka. Kamba ndefu ilipeleka jiwe dogo mbali mpaka likapotea kwenye matete. Kamba fupi na jiwe kubwa ilitoboa ubao wa boksi tulioutundika. Jiwe la Mireille la kwanza lilikwenda nyuma yetu. La pili lilikwenda juu, tukakimbia wote wawili tukishika vichwa.

Aliporudisha pumzi alisema ndiyo maana waandishi wa kale wanasema wapiga kombeo hao walibeba kombeo tatu kila mmoja, moja kichwani, moja kiunoni, moja mkononi, ndefu ya mbali na fupi ya karibu. Na mawe ya sanduku letu, alipoyapima, yalikaa katika makundi matatu. Madogo kama yai la kuku, ya kati kama chungwa dogo, makubwa kama ngumi. Makundi matatu kwa kombeo tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yake, nguzo yake ya katikati.

Nilimpongeza. Njiani kurudi, ndani ya tramu, nilikumbuka uwanda wa Rusizi. Mifuko mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa na mifuko mitatu. Nani aliyechagua yale mawe, askari wa Baleari au mtoto wa Rusizi aliyekuwa anaogopa kufukuzwa kazi?

Nilijituliza kwamba hakuna atakayejua. Kisha mwezi mmoja kabla sijastaafu Mireille alikuja akiruka. Idara ya madini ilikuwa imekubali kumwazima kifaa chao, kile kinachofanana na mashine ya kukaushia nywele, unakielekeza kwenye jiwe nacho kinakwambia lina nini ndani. Angekitumia baada ya kutetea tasnifu, kwa makala ya pili. Tasnifu alikuwa anaitetea wiki tatu baadaye.

Nilielewa vizuri sana. Nikinyamaza, nitaondoka na keki yangu. Kisha siku moja kifaa kitasema baadhi ya mawe ya Karthago yametoka Ardennes, na aibu itamkuta yeye, jina lake likiwa juu ya jalada, mimi nikiwa nyumbani nakunywa chai. Yule binti alikuwa ananiita papa.

Nilimwambia asubuhi ya Jumanne, kabla ya wengine kufika. Nilimwambia yote, bomba, madaftari, lebo ya uzi, kiganja. Alinisikiliza bila kukatiza. Kisha akaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja.

“Juu ya nini unaniambia leo?”

“Kwa sababu mwisho wa mwezi natoka.”

“Na kama haungetoka?”

Mireille akakaa juu ya ngazi ndogo ya rafu, akafunika uso. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imekonda.

“Miaka ine, papa Saidi. Miaka ine nilipima majiwe yako.”

“Huenda ni yao,” nilisema. “Huenda ni yangu. Sijui.”

Alijifuta macho kwa mkono wa sweta. “Alors, tutajua. Nitaita bale ba machine, ikuye leo, mbele ya soutenance, haina nyuma ya kutetea. Kama kazi yangu inaanguka, ianguke mbele yangu.”

Kifaa kilikuja saa nane mchana. Mawe ya kambi ile, alinieleza, ni ya chokaa. Mawe ya mto wa Monsieur Willem ni ya mchanga mgumu, chokaa hamna. Hapakuwa na haja ya kubahatisha. Nililaza mawe moja moja juu ya sponji, yeye akaelekeza, akasoma kwa sauti, mimi nikaandika. Chokaa. Chokaa. Chokaa. Kwenye jiwe la kumi na nne kifaa kilikataa: chokaa hamna. Tukaendelea. Mwisho wa orodha nilikuwa nimelowa jasho kama niliyepanda Ardennes kwa miguu.

“Septante et un,” alisema Mireille. “Soixante-six, sitini na sita, ni ya kweli. Cinq ni ya Monsieur Willem.”

Matano. Kwa muda wote ule nilikuwa nimejihukumu kwa sabini na moja. Nilicheka, halafu kicheko kikageuka, nikaenda chooni nikalia, sitaficha. Niliporudi alikuwa ameshateremsha trei ya uzito kutoka juu ya kabati.

“Sasa yale tano ya kweli iko mule,” alisema.

Tukapima trei nzima. Yalipatikana manne. Yote manne yalikuwa yamebanduka, mengine pembeni, mengine kichwani, na yote yalikuwa mazito, ya kundi la ngumi. Mireille aliyapanga mezani, akawasha taa ya kumulika kwa ubavu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Aliposimama, uso ulikuwa wa mtu mwingine.

“Papa Saidi, sikia. Weye ulichagua kama muntu wa vita. Ulikamata majiwe ya kutupa. Hii ilibanduka, ukaiacha, juu haiendake muzuri.”

“Ndiyo. Lililobanduka linayumba.”

“Njo vile! Ilibanduka juu ilishatupwa. Ilipiga kitu. Ile soixante-six ilikuwa akiba, hakuna muntu aliitupa. Hii ine njo ile iliruka. Grosses, kubwa, za karibu. Adui alikuwa pale,” akanyoosha kidole kwenye kabati la brashi, “pale tu!”

Nilitazama yale manne. Miaka hiyo yote yalikuwa yanakandamiza ramani zetu zisijikunje.

Kisha tukakumbuka wote wawili kwa pamoja kwamba manne si matano. Tukahesabu trei: sitini na tatu. Nami nikaona kwa macho ya kichwani sherehe ya keki, mzee mwenye sikio bovu, na jiwe lililong’atwa upande mmoja.

“Liko wapi?” aliuliza Mireille, kwa sababu alikuwa amenisoma usoni.

“Jikoni kwangu,” nikasema. “Zaina anapondea kitunguu saumu.”

Nilipanda tramu hata sikuvua koti la kazi. Zaina alikuwa anatengeneza pilau, kwa sababu Asha alikuwa anakuja na watoto. Jiwe lilikuwa mkononi mwake. Nilimwomba aliweke chini polepole.

“Baba Asha, una nini? Ngoja nimalize hivi viwili.”

“Usimalize. Hilo jiwe lilimpiga Mrumi.”

Alinitazama, akalitazama jiwe, akaniuliza kama nimekula. Nilimweleza kwa haraka nilivyoweza, na nilipofika kwenye bomba lililopasuka alikaa chini. Hiyo ndiyo iliyomuuma, si jiwe.

“Nilikuwa na mimba ya Asha,” alisema. “Ulikuwa unarudi huongei. Nilidhani umenichoka.”

“Nilikuwa naogopa.”

“Ungesema.” Akalifuta jiwe kwa kanga, kwa upole ambao hatukufundishwa hata stoo, akalitia kwenye mfuko wa mkate. “Miaka yote hiyo, na mimi nalisifia tu kwamba linashikika vizuri.”

Nikamwambia hata aliyelirusha bila shaka aliliona hivyo. Lile pengo lililonifanya nilikatae ndilo lililokuwa linamsaidia kuponda.

Kifaa kilisema chokaa. Mizani ikaliweka kundi la kati. Mireille aliyapanga upya yote sabini na moja, safari hii kwa madini yake na si kwa kiganja cha mtu, akayapima usiku na mchana kwa siku tatu, na makundi yakabaki matatu. Hayakusogea. Nguzo ilisimama, na mwishoni aliongeza sura mpya juu ya mawe matano yaliyoruka, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza kosa langu kwa jina langu. Alinisomea kwanza. Nikamwambia aache kama ilivyo.

Alitetea vizuri. Nilikaa mstari wa mwisho na Zaina. Profesa mmoja aliuliza anawezaje kuwa na hakika kwamba aliyeyatenga mawe hakuathiri matokeo. Mireille akajibu kwamba aliathiri, na kwamba yupo, amekaa pale nyuma, anaweza kuulizwa. Watu wakageuka. Zaina akaninong’oneza ninyooshe kola. Nilisimama nikasema: ni mimi. Ni maneno mawili tu, na nilipokaa nilijihisi mwepesi hata nikashika kiti. Kama mnataka kujua kustaafu kunafananaje, kwangu kulianzia pale, si kwenye keki.

Zaina alidai fidia. Mireille alimpelekea jiwe moja la Ardennes kutoka kwenye trei, zuri, mviringo, halina kasoro. Zaina amelijaribu wiki nzima na anasema linateleza.

Basi, vijana, ushauri wangu ni mfupi. Lebo ibandikwe kwa gundi. Na mkikosea, semeni siku ileile, kabla ya chakula cha mchana, wakati kosa bado linaingia kwenye sanduku moja. Mimi nimeandika langu siku yangu ya mwisho kazini, nikalibandika ndani ya kifuniko, mahali ambapo atakayefungua atalisoma kabla hajagusa kitu. Linasema hivi:

Sanduku hili lina mawe sabini na moja ya kombeo, ya jeshi la Karthago. Mwaka wa bomba kupasuka yalichanganywa na mawe ya uzito. Kosa ni langu, Saidi. Yametengwa upya na yote yamo. Jiwe la mwisho liliwahi kuishi Forest, jikoni kwa mke wangu, ambako lilifanya kazi vizuri. Mkilipima mkakuta kitunguu saumu, msiandike makala. Ni chetu. Wapiga kombeo hawahusiki.